MJADALA: Fedha za kikundi cha muziki ziende kwenye masomo ya mtandaoni au kwenye chumba cha mazoezi?

Mleta mada (Mwanga, Kigoma)

Wadau, salaam. Kikundi chetu cha vijana hapa Mwanga kimechangishana, na kabla hata hela haijatoka kwenye akaunti tumeshagawanyika. Kuna wanaotaka tununue vishikwambi viwili na tulipie intaneti, kila mtu afuate masomo ya muziki kwa zamu nyumbani kwake. Kuna sisi tunaotaka amplifaya ya besi, dramu za mtumba na kodi ya chumba cha mazoezi. Nauleta hapa kwa sababu nasikia kwaya na bendi kadhaa za huku na za Tabora zina ubishi huu huu.

Msimamo wangu ni chumba, ila sina ugomvi na mtandao. Kijana wa huku akitaka kusoma muziki darasani anaambiwa aende TaSUBa, ile taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, au DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, na nauli tu inamaliza ndoto. Mtu kama Justin Sandercoe wa JustinGuitar amekuwa akiweka mafunzo ya gitaa mtandaoni, mengi bure, tangu 2003. Kijana wa Katubuka mwenye Kiingereza cha kuungaunga anaweza kumfuata. Hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Sasa nisikilizeni kuhusu gitaa, maana ndiko ninakolijua jambo hili. Muziki wa dansi tuliokulia nao huku, wa kwetu na wa ng'ambo ya ziwa, haupigwi na gitaa moja. Kuna solo, kuna rizim, kuna besi, na bendi zinazofuata Wakongo zinaongeza mi-solo katikati. Mi-solo ukiisikia peke yake unaweza kudhani mpigaji anajaribu nyuzi. Rizim peke yake inachosha. Utamu unatokea pale vipande hivyo vinapopishana, huyu anajaza pengo aliloliacha yule. Nenda YouTube utafute masomo ya sebene, kile kipande cha wimbo ambacho magitaa yanachachamaa watu wacheze: video nyingi kamera imeganda kwenye vidole vya mpiga solo. Wa rizim unamwona bega tu.

Matokeo yake tunayaona mazoezini. Alikuja kijana mmoja, vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote kwetu, anapiga solo mpaka watu wanapiga miluzi. Tukampa rizim. Kordi tatu, zile zile, wimbo mzima. Wimbo haujafika mbali keshaanza kukimbia. Mpiga dramu anamvuta nyuma, yeye anazidi kwenda, mwimbaji anaingia anamkuta keshapita. Tulipomuuliza alikuwa anamsikiliza nani, akajibu kwa uaminifu kabisa: "Najisikiliza mwenyewe." Alikuwa hajawahi kupiga na mtu. Video unaisimamisha, unairudisha, unaipunguza mwendo, ikusubiri hadi uwe tayari. Mpiga dramu wa Ujiji hakusubiri.

Karibuni tujadili. Matusi pembeni.

Mchangiaji (Gungu)

Mkuu, unaishi mwaka gani? Ali Kiba na Diamond wana asili ya Kigoma na walitoka kwa studio na midundo ya kompyuta. Kijana mwenye laptopu anatengeneza wimbo chumbani kwake usiku mmoja. Dramu za mtumba za nini?

Mleta mada

Kutoka ni jambo moja, jukwaa ni jambo jingine. Ali Kiba huyo huyo unayemtaja, mara ngapi umemwona akipiga laivu na bendi nyuma yake? Wale wapigaji hawakudondoka na mvua. Mimi nataka siku moja watoke na huku.

Mchangiaji (mpiga kinanda wa kwaya, Tabora)

Kaka, nimesoma hoja yako ya rizim na naikubali. Ila nina swali dogo: hayo mazoezi unayoyasifia yanaanza saa ngapi na yanaisha saa ngapi?

Mimi ni mwanamke na napiga kinanda kanisani. Kwenye kwaya niliyoanzia, kinanda kilikuwa kinafungiwa kabatini na ufunguo alikuwa nao mpigaji mmoja tu. Akisafiri, tunaimba kavu. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa sauti ya kwanza na ya pili, basi. Bendi za mtaani ndiyo kabisa, mazoezi usiku, na baba yangu hakuwa mtu wa kuniruhusu kukaa nje na wanaume wenye magitaa. Nisingemlaumu sana kwa hilo.

Nilichofanya ni kuazima kinanda kidogo cha binamu, nikachomeka hedifoni nikajifunza kwa simu baada ya watu kulala. Sol-fa nilikuwa naijua kutoka kwaya, d r m f s l t, lakini nota za mistari mitano nilizipata mtandaoni. Baadaye nikagundua tovuti ya Swahili Music Notes, ambako watunzi wa kwaya za Kikatoliki wanaweka kazi zao na nota zake, nikawa nashusha wimbo mmoja mmoja na kuufanyia kazi. Siku ufunguo ulipopatikana na mwenyewe hayupo, nilikaa nikapiga misa nzima. Mwalimu wa kwaya alidhani nina mwalimu wa siri.

Kwa hiyo mtu akisema "chumba, si simu," mimi nasikia "wale wale waendelee kupiga."

Mchangiaji (fundi sauti, Ujiji)

Niongeze la kiufundi kwa wanaodhani mnaweza kufanya mazoezi ya pamoja kwa simu ya video, kila mtu kwao. Hamtaweza. Sauti hewani inatumia kama milisekunde 3 kwa kila mita moja. Wapigaji wakikaa umbali wa mita 10 sauti inachelewa kama milisekunde 30, na hapo wengi wanaanza kutegeana na mwendo kulegea. Kwenye simu za video sauti yako inakatwa, inabanwa, inapita kwenye mitambo ya mbali, ndipo imfikie mwenzako. Ucheleweshaji wake kwa kawaida unazidi hapo mara kadhaa. Ndiyo maana kwenye madarasa ya mtandaoni wanafunzi wote wanazimwa vinasa sauti na kila mtu anaimba peke yake na mwalimu. Zipo programu za kupunguza tatizo, kama JackTrip na Jamulus, lakini zinataka intaneti ya waya iliyotulia na wapigaji wasiwe mbali mno. Si bando la simu wakati umeme umekatika Kibirizi.

Zile kwaya za video mnazoziona, kama ya mtunzi Mmarekani Eric Whitacre ya 2010 yenye sauti 185 kutoka nchi 12, hawakuimba kwa wakati mmoja. Kila mtu alijirekodi kwao akimfuata kiongozi kwenye video, kisha fundi akaunganisha. Kazi nzuri, ila hakuna hata mmoja aliyemsikia mwenzake wakati anaimba.

Mleta mada

Shukrani fundi. Dada wa Tabora, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, na kwenye kikundi chetu haikutajwa kabisa. Pengine kwa sababu wanaobishana wote ni wanaume.

Bado nasimama kwenye chumba, na wewe umenipa sababu nyingine. Kinanda ulijifunza peke yako, sawa, lakini kilichokunyima nafasi ni kabati na saa za mazoezi, na kishikwambi hakifungui kabati. Bila chumba cha kikundi vyombo vinabaki nyumbani kwa mtu, na mwenye nyumba ndiye anaamua nani aguse. Chumba cha kukodi chenye mazoezi Jumamosi mchana, hata baba yako angepita kuchungulia. Masomo ya mtandaoni kila mtu atayafuata kwa simu yake, kama ulivyofanya wewe. Kikundi kinunue kile ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua.

Mchangiaji (mpiga kinanda wa kwaya, Tabora)

Nimekuelewa kaka, na nusu umenishinda. Ila msitoe hata senti kabla hamjaandika kwenye katiba ya kikundi: saa za mazoezi ni zipi, ufunguo nani anakaa nao, na zamu za vyombo zikoje, ikiwemo kwa asiyejua bado. Mkishanunua amplifaya hakuna atakayekumbuka kuandika. Na hizo dramu za mtumba, nendeni na mpigaji mwenyewe akazikague. Tuliwahi kuletewa seti nzuri machoni, pedali ya besi haimo.