Matairi ya baridi, ya misimu yote au ya misumari: lipi linashika kweli kwenye theluji na barafu?

Mteremko

Wakuu, salaam. Huu ni msimu wangu wa pili wa theluji nikiwa na gari, na sitaki uwe kama wa kwanza. Mwaka jana nilibaki na matairi ya kiangazi kwa sababu kashata (mabonge ya mpira yanayogusa barabara) zilikuwa bado nene na gari ni 4x4, nikaamini inatosha. Asubuhi moja nateremka mteremko wa karibu na nyumbani, mwendo mdogo kabisa, nikakanyaga breki. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) inagonga tak-tak-tak, gari linazidi kuteremka kana kwamba sijagusa kitu. Nikakata usukani kulia. Magurudumu yaligeuka, gari halikugeuka, likaenda moja kwa moja hadi kwenye tuta la theluji. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma. Hatukuumia, namshukuru Mungu, lakini ile sekunde ya kukanyaga breki bila kupata kitu bado inanijia.

Nimebaki na machaguo matatu: matairi ya misimu yote, ya baridi yasiyo na misumari, au ya misumari. Njia yangu ni kilomita 6 za mtaani pamoja na huo mteremko, kisha kilomita 30 za barabara kuu inayokwanguliwa theluji na kumwagiwa chumvi. Baridi inacheza kati ya nyuzi 2 na -12. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliokwisha kuyaendesha.

Fundi Gurudumu

Pole sana mkuu, na mtoto apewe pole.

Nianze na mpira wenyewe, maana wengi wanatazama kashata tu. Tairi la kiangazi limechanganywa ili lisilegee kwenye lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi linaanza kukakamaa. Jaribu: tairi la kiangazi lililolala nje usiku wa baridi, libonyeze kwa ukucha. Gumu kama soli ya kiatu cha zamani. La baridi, usiku uleule, linabonyea. Ugumu huo ndio uliokuangusha, wala si unene wa kashata.

Pili, litazame tairi la baridi kwa karibu. Kila bonge la mpira limechanjwa vikato vyembamba, vimejikunja kama mawimbi. Ukikanyaga breki vikato vinafunguka, na kila ukingo unakwaruza barabara. Zile njia pana kati ya mabonge zinabeba theluji iliyoshindiliwa. Mgeni anadhani ile theluji ni uchafu wa kuondoa, kumbe ndiyo inayofanya kazi: theluji hung'ang'ania theluji, kama donge linavyokua ukilivingirisha.

Kuhusu 4x4: inakusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, kila gari linafunga breki kwenye magurudumu manne. Gari la kawaida lenye matairi ya baridi litasimama mapema kuliko 4x4 yenye ya kiangazi, mkuu.

Misimu Yote

Mimi nayatumia ya misimu yote mwaka wa nne na sijajuta, ila niseme kwa haki yanapofaa. Ninakoendesha theluji inakaa siku tatu nne, inayeyuka, mvua inarudi. Kwa hali hiyo yananifaa, na sihangaiki kubadilisha mara mbili kwa mwaka.

Ukiamua kuyachukua, usikubali yenye herufi M+S (matope na theluji) peke yake. Hizo mtengenezaji anaweza kujiandikia kwa kutazama umbo la kashata tu. Tafuta ubavuni alama ya mlima wa vilele vitatu wenye nyota ya theluji ndani. Hiyo hutolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haitambui tena M+S peke yake kuwa tairi la baridi.

Lakini mteremko wako ukiganda kila asubuhi, kaka, kwa moyo mweupe sikushauri matairi yangu.

Bi Safari

Naongezea hapo kwenye alama, kwa sababu mimi ilinipotosha. Mlima wa vilele vitatu unahusu theluji. Kuhusu barafu hausemi neno. Ulaya, tangu Mei 2021, lebo ya tairi inaweza kuwa na alama ya pili, kilele cha barafu kilichochongoka, na hiyo ndiyo ya kutafuta kama adui yako ni barafu.

Tena "tairi la baridi lisilo na misumari" si kitu kimoja, ni viwili, na muuzaji anaweza asikuambie. Kuna yale ya Ulaya ya kati, yaliyotengenezwa kwa lami baridi iliyolowa, theluji nyepesi na mwendo wa barabara kuu. Mpira wake ni mgumu kidogo na mara nyingi utaona herufi ya mwendo wa juu kabisa wa tairi, H (210 km/h) au V (240). Halafu kuna ya kaskazini, ya Skandinavia: laini zaidi, vikato vingi zaidi, herufi Q (160), R (170) au T (190). Nimeendesha yote mawili kwenye gari lilelile. Kwenye maji ya barabara kuu yale ya kati yalitulia vizuri, na haya ya kaskazini usukani unakuwa mlegevu kidogo, gari kama linaogelea. Kwenye barafu hayalingani hata kidogo. Ya kaskazini yalinisimamisha pale ambapo yale mengine yaliniacha nikiserereka hadi katikati ya njia panda.

Jambo jingine: ogopa zaidi barafu ya karibu na nyuzi 0 kuliko ya -20. Kwenye baridi kali barafu ni kavu, mpira unapata pa kushika. Ikikaribia kuyeyuka juu yake kuna utando wa maji, na hapo unateleza kama sabuni. Baridi yako ya 2 hadi -12 inapita kwenye eneo hilo baya.

Msumari Chuma

Kwa barafu hiyo hiyo ya nyuzi 0 anayoisema dada, misumari ndiyo mfalme. Ncha ngumu ya tungsten carbide inayotokeza kama milimita moja inatoboa ule utando wa maji na kuuma barafu. Mpira, hata uwe laini vipi, hauwezi hilo. Mimi nakaa kwenye njia isiyomwagiwa chumvi, inang'aa kama kioo kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho, na sitoki bila misumari.

Ila nisikufiche ubaya wake. Kwenye lami tupu inavuma masikioni safari nzima, na breki ni ndefu kidogo kuliko za tairi zuri lisilo na misumari. Inachimba barabara na kutimua vumbi baya kwa mapafu, ndiyo maana Stockholm imeyazuia matairi haya kwenye mtaa wa Hornsgatan tangu 2010. Sheria nazo hutofautiana: Uswidi inaruhusu kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili, Ujerumani kwa jumla imeyapiga marufuku. Soma sheria ya ulipo kabla ya kununua. Na yakiwa mapya, kilomita mia chache za mwanzo endesha polepole, bila kuondoka kwa kasi wala breki za ghafla, misumari ikae sawasawa kwenye matundu yake.

Kilomita zako 30 kati ya 36 zinakwanguliwa na kumwagiwa chumvi, mkuu. Mimi mwenyewe mpenzi wa misumari nasema kwako si lazima.

Mteremko

Ahsanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Swali moja: bajeti imebana. Nikiweka mawili ya mbele sasa, mawili ya nyuma mwezi ujao?

Fundi Gurudumu

Hapana. Hapana tena. Mbele ikishika na nyuma isiposhika, ukikanyaga breki kwenye kona makalio ya gari yanakupita, na gari linazunguka. Ukifanya kinyume, nyuma kupya na mbele kukuu, gari linakataa kugeuka, kama lilivyokufanyia mwaka jana. Yote manne, aina moja, wakati mmoja. Kama fedha haitoshi ngoja mwezi, upande basi.

Na usichukue yaliyotumika bila kupima kashata. Nchi nyingi zinaruhusu milimita 1.6 kwa tairi la kawaida, lakini kwenye theluji hiyo ni kipara. Austria inadai 4 kwa tairi la baridi, na mimi nakubaliana nao. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za DOT, yaani namba ya utengenezaji iliyoandikwa ubavuni: 3822 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2022. Mpira mzee umekakamaa hata kama kashata imejaa.

Hesabu Kwanza

Niweke namba, kwa sababu nahofia mtu atasoma hapa na kudhani kuna tairi linalorudisha lami. Chukua 50 km/h, breki tu, bila kuhesabu muda wa kushtuka. Lami kavu yenye msuguano wa 0.8: mita 12 hivi. Theluji iliyoshindiliwa, msuguano 0.3: mita 33. Ikiwa 0.2: mita 49. Barafu ya 0.1: mita 98. Tairi zuri linaweza kukuhamisha kutoka 0.2 kwenda 0.3, na hizo mita 16 ndizo zinazookoa mtu kwenye kivuko. Lakini shusha mwendo hadi 25 na kila namba hapo juu inagawanywa kwa nne. Kwa mteremko kama wako umbali unaongezeka zaidi, kwa hiyo gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, usingojee breki.

Bi Safari

Hesabu safi. Mteremko, mimi ningeenda na ya kaskazini yasiyo na misumari, yenye alama zote mbili. Barabara kuu ikiwa na maji ongeza nafasi na aliye mbele, hapo ndipo yana udhaifu.

Msumari Chuma

Nakazia. Na wale watakaokuja na habari ya tairi pana: kwenye theluji nzito na uji wa theluji, jembamba linakata na kufika chini, pana linaelea. Chukua kipimo chembamba kabisa kinachoruhusiwa kwenye kitabu cha gari lako.

Mteremko

Nimeyafunga leo asubuhi, ya kaskazini, manne, kipimo chembamba. Nimeujaribu mteremko nikiwa peke yangu, nyuzi -3, mwendo wa 20. Nilikanyaga breki katikati: pedali ilitetemeka kidogo, kisha gari likasimama. Nilikaa pale kama dakika nzima nikilitazama lile tuta la theluji, liko mbali kabisa, gari limetulia.

Fundi, kuna la ziada kabla ya kumpakia mtoto?

Fundi Gurudumu

Alhamdulillah. Mambo matatu. Kaza tena nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Hakikisha mshale ubavuni unaelekea mbele, kama matairi yako yana mwelekeo. Na upepo uupime gari likiwa limepoa, nje, si ndani ya gereji yenye joto: kila joto likishuka nyuzi 10, upepo unapungua kama bar 0.1. Uupime tena baridi ikifika -12.