Mrejesho: Buck 110 mfukoni, mwezi mmoja baadaye

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama Buck 110, kile kisu cha kukunja cha wawindaji wa Marekani kinachotengenezwa tangu miaka ya 1960, kinabebeka kila siku. Wengi mlisema nitakichoka ndani ya wiki.

Kwa mfukoni mlisema kweli. Kina gramu 200 na ushei, sawa na kutembea na simu ya pili, na sehemu kubwa ya uzito ni ile shaba ya ncha mbili za mpini. Suruali ya kitambaa ilivutwa upande mmoja mpaka mama watoto akaniuliza kama nimebeba Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza. Siku ya tatu nikakihamishia kiunoni, kwenye ala ya ngozi, na habari ya uzito ikaishia hapo. Napanda bodaboda toka Igoma hadi soko la samaki la Mwaloni wala sikisikii. Ila ala inaonekana, hivyo nikienda benki au kanisani kinabaki nyumbani.

Kazini nakatia kamba, nafungulia magunia ya dagaa, hata sato wa mchana nampasua. Bapa la sentimita 9 na nusu linatosha. Sangara mkubwa, hapana. Magamba na ute huingia kwenye kufuli la mgongoni, lile linalozuia kisu kisijikunje, bapa likawa halikazi vizuri ukilifungua. Nasuuza, nakausha, natia tone la mafuta ya cherehani.

Mlioshauri kile chepesi cha mpini wa plastiki: nimekishika kwa jamaa, kina karibu nusu ya uzito. Sikukipenda, kama mwanasesere.