Mada: Ibada ya vijana peke yao inawabakiza kanisani, au inawachelewesha tu kuondoka?

Mtoa mada

Wapendwa, naleta mbele yenu swali ambalo makanisa mengi yamelijibu kwa matendo kabla ya kulijadili. Njia inayotumiwa sana kuwashika vijana wa miaka 13 hadi 18 ni kuwatengea ibada yao, yenye ukumbi wao, nyimbo zao na mhubiri wao, saa ileile ambayo wazazi wao wako katika ibada kuu. Wanaoitetea husema kwamba kijana hawezi kudumu mahali ambapo haelewi kinachosemwa. Mimi nashikilia kwamba ibada hiyo, ikiwa ndiyo makao yake ya kila Jumapili, inamlea awe mwanachama wa kikundi badala ya mshiriki wa kanisa, na siku umri wa kikundi utakapomwisha hatakuwa na pa kwenda.

Sisemi vijana wasikutane. Wakutane katikati ya wiki, wasome Neno, waimbe, wacheze, waulizane mambo ambayo mbele ya wazazi wangeona haya kuyataja. Ninachopinga ni kuwaondoa katika kusanyiko wakati kusanyiko lenyewe linaabudu. Kijana aliyelelewa hivyo hufika miaka 19 akiwa hajawahi kumsikia mzee wa kanisa akiomba kwa machozi, hajaona mjane akishukuru, na hakuna mtu mzima hata mmoja, nje ya mlezi wa vijana, anayelijua jina lake. Tunashangaa anapoacha kuja, ilhali kanisa lile hajawahi kulikalia.

Mwaka 2017 taasisi ya Lifeway Research ya Marekani iliwahoji vijana ambao walipokuwa sekondari walihudhuria makanisa ya Kiprotestanti kwa ukawaida kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Asilimia 66 walisema kwamba kati ya miaka 18 na 22 waliacha kuhudhuria kwa mwaka mmoja au zaidi, na sababu iliyotajwa na wengi kuliko nyingine zote ilikuwa kuhamia chuoni. Hesabu za nchi moja hazipaswi kubebwa zilivyo na kupelekwa kila mahali, lakini sababu hiyo inanifikirisha sana. Wengi hawakugombana na imani. Walihama, na kamba iliyokuwa ikiwashikilia haikuwa ndefu ya kutosha kuwafuata.

Kinachomfunga kijana na kanisa, kwa maoni yangu, ni kazi ya kweli anayoifanya bega kwa bega na watu wazima. Chukua msichana wa miaka 15 aliyepewa somo la Jumapili. Jumamosi jioni anaketi na mama mmoja wa kanisa, si mamaye mzazi, wanalipitia somo sauti ikisikika. Anajikwaa kwenye jina la Nebukadreza, analirudia. Anaambiwa ashushe pumzi kwenye nukta na asikimbilie mwisho. Katikati ya mazoezi anauliza kwa nini mfalme huyo alitaka sanamu yake iabudiwe, na hapo mazungumzo yanafika mbali kuliko mahubiri mengi yanavyofika. Kesho yake kusanyiko zima linalisikia Neno kupitia kinywa chake. Jumapili ambayo hatatokea, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi.

Luka 2:46 inatuonyesha Yesu akiwa na miaka 12, «ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali». Hakuwekewa chumba cha pembeni. Naomba wenye mawazo tofauti waniambie ninapokosea.

Mchangiaji wa kwanza (mlezi wa vijana)

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini unalichora kusanyiko kuu kama linavyopaswa kuwa, na ibada ya vijana unaichora katika udhaifu wake. Hao waalimu wa hekaluni walikubali kuulizwa. Katika makanisa mengi kijana akiuliza kwa nini mgonjwa aliyeombewa na kanisa zima amekufa, anaambiwa asimjaribu Mungu, na swali lake linaishia hapo. Kwetu sisi walezi ndiko anakolitoa. Tukiufunga mlango huo kwa jina la umoja, maswali hayatakufa. Atayapeleka kwenye simu yake, na huko atajibiwa na yeyote.

Pili, hiyo «kazi ya kweli» naijua inavyogeuka. Vijana wanaitwa kupanga viti, kufagia na kuelekeza magari, kisha tunasema tumewashirikisha. Tatu, unapompanga kijana mmoja na mtu mzima mmoja, umefikiria usalama wake? Makanisa ya madhehebu mbalimbali yamekiri hadharani kwamba watoto walidhulumiwa na watu walioaminiwa kupita kiasi.

Na historia haikuungi mkono moja kwa moja. Chama cha Christian Endeavor, alichokianzisha mchungaji Francis Clark huko Portland, katika jimbo la Maine, mwaka 1881, kilikuwa chama cha vijana wenyewe, na kilienea katika nchi nyingi kwa muda mfupi.

Mchangiaji wa pili (mzazi)

Mnabishana kuhusu ukumbi, na nyumbani Biblia haifunguliwi. Utafiti mkubwa ulioongozwa na mwanasosholojia Christian Smith kuhusu dini miongoni mwa vijana zaidi ya 3,000 wa Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wazazi ndio wenye ushawishi mkubwa kuliko wote katika imani ya vijana hao. Kumbukumbu la Torati 6:7 ilikwisha kutuagiza tuyanene maneno haya tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani. Wengine wetu tunamshusha mtoto langoni mwa kanisa, tunageuza gari, kisha tunamlaumu mchungaji.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote wawili. Nianze na mzazi, kwa kuwa kwake nina maneno machache: umesema kweli, na sina la kupunguza. Naongeza tu kwamba kuna vijana wanaokuja kanisani peke yao, ambao wazazi wao hawaamini au hawajali, na hao ndio wanaomhitaji zaidi yule mama wa Jumamosi jioni.

Kwa ndugu mlezi, suala la viti nalikubali kabisa. Kazi isiyomfundisha kijana chochote, ambayo mtu mzima aliyesimama kando angeweza kuifanya lakini haitaki, ni utumwa mdogo uliovikwa jina la huduma. Kipimo changu ni hiki: je, kijana akikosea, kanisa litahisi? Anayeendesha mitambo ya sauti akikosea, mahubiri hayasikiki. Anayehesabu sadaka pamoja na wazee akikosea, hesabu haifungi. Huko ndiko kuaminiwa. Na ikiwa baraza la kanisa linajadili mambo ya vijana, basi wawili kati yao waketi humo wakiwa na kura, wasiitwe tu kuja kutoa salamu.

Kuhusu usalama, umenigusa mahali ambapo hapafai mzaha. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, watu wazima wakiwa wawili, mzazi akijua saa na mahali, na mawasiliano ya simu yapitie kundi ambalo mzazi naye yumo. Mtu mzima anayeona masharti haya yanamdhalilisha asipewe jukumu hilo. Lakini hatari hiyo ipo pia katika ukumbi wa vijana, na pengine ni kubwa zaidi pale mlezi mmoja anapokuwa mtu mzima pekee ambaye kundi zima linamtegemea.

Kuhusu Christian Endeavor, mfano wako naupokea kwa furaha, kwa sababu kila mwanachama kamili aliahidi kuhudhuria mikutano na kushiriki kwa namna fulani, hata kama ni kidogo. Mwanachama kamili hakuwa na nafasi ya kuwa mtazamaji. Kaulimbiu yao ilikuwa «Kwa ajili ya Kristo na Kanisa», na hilo neno la mwisho ndilo ninalolipigania hapa.

Maswali magumu ndiyo yananiacha bila jibu kamili. Ni kweli wazee wengi hawajui kuulizwa, na kijana hapaswi kuumizwa wakati wao wanajifunza. Labda wewe mlezi uwe daraja: swali litoke kwenu bila jina, lifike kwa mchungaji, na ajibu mbele ya kusanyiko zima, kwa kuwa watu wazima nao wanalo swali hilohilo la mgonjwa aliyekufa.

Jambo moja naona tunaweza kulianza hata kabla ya kukubaliana kuhusu mengine. Kijana anapohamia chuoni au mji mwingine, mzee wa kanisa awasiliane kabla na kanisa la huko, kwa ridhaa ya kijana mwenyewe, ataje jina lake na huduma aliyozoea kuifanya, na aombe apewe zamu ndani ya mwezi wa kwanza. Ndugu mlezi, vijana wako waliohama mwaka jana, ni nani aliyewatafuta?