Mrejesho: CMoy iliyokuwa na mvumo na sauti kuegemea kushoto

Asanteni sana. Swali lilikuwa: kwa nini ampilifaya ndogo ya hedifoni aina ya CMoy (opampu, yaani chipu ya kukuza sauti, ni OPA2134; betri ya volti 9) inatoa "shhh", na kwa nini kushoto kunazidi sauti ikiwa chini?

Chanzo ni ukuzaji mkubwa mno. Rezista za kilo-oma 10 na 1 zinakuza mara 11, yaani 1 + 10/1. Kwa hedifoni nyepesi za oma 32 hiyo ni nyingi; potenshometa (kirekebisha sauti) inaishia kufunguliwa kidogo tu, na huko mwanzoni ndiko njia zake mbili, ya kushoto na ya kulia, hazilingani. Rezista ya kilo-oma 10 imetolewa kila upande, ikawekwa ya 2.2. Ukuzaji sasa ni mara 3.2. Shhh haisikiki tena, na pande zote ziko sawa.

Opampu nayo ilikuwa ikipata moto bila muziki. Kapasita ya nanofaradi 100 imelehemiwa chini ya soketi kabisa, pini 8 hadi 4 (zinazoingiza umeme wa opampu), ili kuutuliza umeme huo; opampu ikapoa.

Onyo: volti za DC (umeme usiobadili mwelekeo) zinazotoka kwenda kwenye hedifoni zipimeni dhidi ya graundi ya kati, yaani pale volti za betri zinapogawanywa nusu kwa nusu. Mkipima dhidi ya hasi ya betri mtasoma karibu 4.5 na kuogopa bure. Hapa ni milivolti 3.