Ushauri: ruta ya GRBL yazikataa faili za Fusion

Fundi Milango (Majengo, Mombasa)
Asalaam aleikum mafundi. Nachonga milango ya nakshi kwa ruta ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), ubongo wake ni Arduino, kibao kidogo cha elektroniki, yenye GRBL, programu inayosoma amri na kuiendesha mashine. Kazi naiandaa kwa Fusion, programu ya kompyuta ya kuchora na kutoa faili za amri. Kila faili nikiipeleka inagoma: "error:20", yaani amri isiyojulikana. Basi huifungua kwa Notepad nikafuta misimbo ya O1001, M6 na G43, ndipo inakwenda. Mlango mmoja una faili nne, tano. Nimechoka! Fusion yaweza kutoa faili safi tokea mwanzo?

Mzee wa Shimanzi
Waaleikum salaam. O1001 na G43 H1 ni lugha ya Fanuc hiyo, mashine za viwandani. Aliyekuwekea programu alikuchagulia postiprosesa (kitafsiri kinachogeuza kazi ya Fusion iwe amri za mashine) isiyo yako. GRBL haina habari na kubadilisha biti, kile kisu cha kukatia, M6 itaijulia wapi? Ukifika "Post Process" chagua Grbl. Usianze kuchokoa msimbo kabla ya hapo.

Fundi Milango
Shukran mzee, error imeisha. Lakini kuna jengine: nikianzisha kazi, mota haijazunguka, biti yashuka moja kwa moja ubaoni. Na ubao wenyewe mbambakofi.

Kijana wa Kongowea
Kaka, tazama mistari ya juu, kuna G28 G91 Z0. G28 hurudisha mashine kwenye nafasi iliyohifadhiwa kwa G28.1. Kama hujahifadhi yoyote, yaenda sifuri ya mashine. Ruta isiyo na swichi za mwisho (za kuijulisha imefika ukingoni) huhesabu sifuri pale ilipowashwa. Wewe huiwasha biti ikiwa chini, kisha waiinua uweke ubao, sivyo?

Fundi Milango
Ndivyo hasa.

Kijana wa Kongowea
Basi yarudi kulekule. Kwenye mipangilio ya postiprosesa, "Safe Retracts" (namna ya kuinua biti) iweke "Clearance Height" (kimo salama juu ya ubao). G28 haitaandikwa tena.

Fundi Milango
Imetoweka! Sasa nataka ingoje mota ipate kasi kabla ya kukata.

Mzee wa Shimanzi
Hilo ndilo la kuhariri. Postiprosesa ya Fusion ni faili ya .cps, JavaScript tupu. Nakili, ipe jina lako, ya asili usiiguse. Ndani ya onSection, sehemu inayoanzisha kila hatua ya kukata, chini ya panapotolewa M3, amri ya kuwasha mota, ongeza amri ya kungoja:

writeBlock("G4 P3");

GRBL huisoma P kwa sekunde, Fanuc kwa milisekunde. Ukiokota mfano wa Fanuc wenye P3000, utakaa dakika 50 ukiitazama mota ikizunguka bure.

Kijana wa Kongowea
Na faili ya kwanza iendeshe hewani, sifuri ya Z (ya kushuka na kupanda) ukiiweka juu zaidi ya ubao, biti isiuguse.