Mafundi wa Nakuru, pimeni umeme kabla ya kung'oa kabureta za watu!

Ninaandika nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha. Pikapu yangu ni Datsun 1200 yenye injini ya A12, ile ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na pointi (vidude vinavyokata na kuunganisha umeme ili cheche itoke), na kazi yake ni kubeba maziwa kutoka Bahati hadi Nakuru mjini. Ilikataa kuwaka nikiwa Kisumu kwa shughuli za familia. Dereva wangu akaivuta hadi kwa fundi mmoja wa jua kali na kumweleza tatizo kwa maneno ambayo mtu yeyote aliyewahi kushika gari la pointi angeyaelewa papo hapo: "Fundi, ukipiga stata injini inashika, lakini ukiachilia ufunguo tu, inazima." Fundi hakuuliza swali hata moja. Alifungua boneti, akatangaza kwamba kabureta imekwisha, akachukua spana.

Niliporudi nilikabidhiwa bili ya kabureta nyingine, plagi nne, kondensa na kifuniko cha distributa, pamoja na pikapu iliyokuwa ikizima vilevile. Nilimpigia simu nikitaka maelezo, akanijibu, "Mzee, hapa Nakuru tuko juu, hewa ni nyepesi, na hizi kabureta za zamani haziwezi."

Jibu hilo ndilo lililoniudhi kuliko bili yenyewe. Ni kweli kwamba Nakuru iko mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,100 na kidogo, na ni kweli kwamba kabureta iliyorekebishwa kule chini itachanganya petroli nyingi mno ikifika huku, hata gari litoe moshi kidogo na kupungukiwa na nguvu mlimani. Lakini hewa nyepesi haijui ufunguo uko wapi. Haiwezi kuiruhusu injini ishike wakati stata inazunguka, kisha iizime sekunde ileile mkono unapoachilia ufunguo.

Dalili hiyo ina maana yake, na inafundishwa kwa kila anayejifunza umeme wa magari haya. Koili ya gari la aina hii, yaani kifaa kinachokuza umeme wa betri uwe mkali wa kutoa cheche kwenye plagi, haikuundwa ipokee volti 12 kamili muda wote injini inapofanya kazi. Umeme wake hupitia kwanza kwenye rezista, kidude cheupe cha kauri kilichofungwa karibu na koili, ambacho huupunguza ili koili isichemke na pointi zisiungue. Wakati wa kupiga stata mambo hubadilika, kwa sababu stata hula umeme mwingi na nguvu ya betri hushuka, kwa hiyo kuna waya mwingine unaoiruka rezista na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye koili ili cheche iwe kali. Rezista ikikatika, njia ya stata hubaki nzima na njia ya kawaida hufa. Injini itashika ufunguo ukiwa kwenye stata na itazima ukirudi. Kitu kingine kinachoweza kuleta dalili hiyo ni swichi ya ufunguo iliyochakaa ndani, au waya uliolegea kwenye njia hiyohiyo. Petroli ikikosekana, injini hushika kisha huzubaa na kufa polepole kadiri kabureta inavyokauka, na haijali umeachilia ufunguo saa ngapi.

Nilichukua taa ya kupimia, ile yenye balbu na klipu, nikabana klipu kwenye bodi na kuwasha swichi bila kupiga stata. Nilipogusa upande wa rezista unaopokea umeme kutoka kwenye swichi, balbu iliwaka vizuri. Nilipogusa upande wa pili, unaoelekea kwenye koili, giza. Nikamwomba dereva apige stata nikiwa nimeshikilia palepale: balbu ikawaka na injini ikashika. Alipoachilia, vyote viwili vilizima pamoja. Niliifungua rezista na kuigeuza. Mgongoni ilikuwa na ufa mwembamba, na waya uliojikunja ndani yake ulikuwa umekatika na kuacha alama nyeusi kwenye kauri. Nikaunganisha kipande cha waya kati ya ncha zile mbili, na pikapu ikawaka na kuendelea kuunguruma. (Mtu asiache waya huo hapo siku nzima, kwa maana koili itachemka. Unatosha kukufikisha dukani, na dukani uulize rezista inayolingana na koili yako, kwa sababu kuna koili zisizohitaji rezista ya nje kabisa.)

Kazi yote hiyo haikuhitaji hata kipimo cha bei ghali. Basi kwa nini kabureta ing'olewe?

Na kabureta iliyowekwa si ya injini hii. Baada ya kufunga rezista mpya gari linawaka kila mara, lakini sasa linatoa moshi mweusi ambao halikuwa nao, halitulii likiwa limesimama, na plagi zile mpya zimekwisha kupata masizi, kwa kuwa jeti zake, yaani vitundu vya kupitishia petroli, ni kubwa kupita kiasi. Kilichokuwa kizima kimeharibiwa, na kilichokuwa kibovu hakikuguswa.

Nilipodai kabureta yangu, ambayo ni Hitachi iliyokuja na gari, niliambiwa kwamba "vyuma vya zamani" hutupwa. Havitupwi. Vinauzwa, na kila mwenye gari la namna hii anajua jinsi kabureta halisi ilivyo adimu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari: mteja apewe makadirio kabla ya kazi kuanza, na vipuri vilivyotolewa arudishiwe. Dereva wangu hakupewa makadirio, na mimi sikurudishiwa hata plagi moja.

Najua wapo mafundi waaminifu katika mji huu, na wengine wanasoma hapa. Hao ndio wanaoharibiwa jina na kazi za namna hii. Ninawaomba pamoja na wauzaji wa vipuri: mkiletewa kabureta ya A12 ambayo mkono wake wa choki umefungwa kwa waya wa shaba uliozungushwa mara mbili, tafadhali msiinunue, nijulisheni. Fundi mwenyewe nimempa hadi Ijumaa. Asipoileta, nitapeleka bili yake na ile rezista iliyopasuka kwenye mahakama ya madai madogo, na dereva wangu yuko tayari kueleza alichomwambia siku ile.