Mistari hafifu kwenye skrini ya kawaida: nifanyeje itoke sahihi?

Atwooki_FP
Habari zenu wakubwa. Niko Fort Portal, nasomea uzamili. Napima watoto wa shule ya msingi wanavyotambua mistari ya kijivu juu ya kijivu. Natumia PsychoPy, programu ya kuendeshea majaribio ya saikolojia, kwenye laptopu ya hezi 60, yaani skrini inachora picha mara 60 kwa sekunde. Nimeagiza picha ikae milisekunde 40, lakini kumbukumbu ya programu inaandika mara 33, mara 50. Tena kwenye kontrasti (tofauti ya mwanga kati ya mistari) ya asilimia 1, mistari inayotakiwa kufifia polepole inatoka vipande vipande. Msimamizi anasema ninunue skrini maalumu, na hela hiyo sipati. Je, nitaweza na hii niliyo nayo?

FundiJinja
Atwooki, karibu. Utaweza, ila usiiamini skrini kabla hujaipima.

Muda kwanza. Hezi 60 ni fremu moja, yaani mchoro mmoja wa skrini, kila milisekunde 16.7. Fremu mbili ni 33.3, tatu ni 50. Arobaini haipo! Hesabu kwa fremu, chagua tatu. Chaja iwe imechomekwa, maana laptopu nyingi hupunguza mwanga zikibaki na betri, na umeme wetu unaujua. Zima pia mwanga wa kujirekebisha na rangi ya usiku.

Kijivu ndiko kwenye kazi. Skrini yako ina ngazi 256 za kijivu, kutoka 0 nyeusi hadi 255 nyeupe. Ukiweka 128 unadhani ni nusu ya mwanga. Kwa gama (namba inayoonyesha jinsi skrini inavyogeuza ngazi kuwa mwanga) ya 2.2, inayotoka ni kama asilimia 22. Watoto wako watapimwa kwa kontrasti ambayo hukuiagiza, na hilo linaniuma kuliko suala la muda, kwa sababu kumbukumbu ya programu haitakuonyesha kosa.

Huna kipima mwanga? Chora mistari ya mlalo, pikseli moja nyeupe, moja nyeusi. Hiyo ni nusu halisi. Kando yake weka kijivu kitupu, rudi nyuma mpaka mistari isionekane, ubadilishe kijivu hadi vilingane. Kwa gama ya 2.2 vitalingana karibu na 186.

Vile vipande vinatokea kwa sababu hata gama ikisharekebishwa, asilimia 1 inakuachia ngazi kama tatu tu. Ongeza chembe za nasibu, yaani namba ndogo za kubahatisha, kwenye kila pikseli kabla thamani haijafanywa namba nzima. Jicho litazichanganya lenyewe.

NakatoKla
Nakubaliana na Fundi. Naongeza: weka mraba mweupe kwenye kona ya skrini, uwake pamoja na picha, ubandike fotodayodi (kihisi kidogo cha mwanga) juu yake. Ndipo utajua picha imetoka lini kweli. Na tafadhali mwone seremala akutengenezee kiegemeo cha kidevu. Skrini nyingi za bei nafuu hubadilika ukizitazama kutoka juu au chini, na watoto hawalingani urefu. Ukiwakalisha sentimita 57, sentimita moja kwenye skrini ni karibu digrii moja ya jicho.

Atwooki_FP
Asanteni sana. Nimelinganisha jioni hii, pazia limefungwa: 171, si 186.

FundiJinja
Basi gama yako ni kama 1.7. Usiiingize bado kwenye programu. Iache skrini iwake nusu saa, ulinganishe upya, kisha mwite mtu mwingine alinganishe bila kuiona namba yako.